Je, Wajua? Maji ya Kitengela Yanaijua Njia ya Pwani

Mvua kubwa ikinyesha Kitengela, sisi huhesabu hasara: tope mlangoni, foleni kwenye barabara ya Namanga, nguo zilizoloa kwenye kamba. Maji yenyewe hayangoji. Yanateremka mtoni, yanaupita mji wa Athi River, na safari yao haiishi hadi baharini.

Huku Kajiado wengi wetu huiona pwani kama nchi nyingine, ya kuendewa mara moja baada ya miaka mingi, kwa akiba kubwa na kwa mbio. Mimi naamini vingine. Pwani ndiko mto wetu unakoishia na ndiko reli yetu ilikoanzia. Mtu anayelijua hilo husafiri bila pupa: siku tano, ngome moja, magofu ya mji mmoja, fuo mbili, na nafasi ya kutosha ya kula. Haya ni mambo ya kubeba kichwani kabla hujafunga begi.

1. Je, wajua kwamba Mto Kitengela unaishia karibu na Malindi?

Mto Kitengela humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi huelekea kaskazini hadi maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, kisha hugeuka kusini-mashariki na kufuata uwanda wa juu wa Yatta. Uwanda huo ni lava iliyotiririka zamani ikaganda, yenye urefu wa karibu kilomita 300, na ni miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Huko Tsavo mto hukutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana. Karibu na bahari huitwa Sabaki. Majina matatu, mto mmoja, na kwa urefu humu Kenya unazidiwa na Tana peke yake.

Mlango wa Sabaki uko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Malindi. Msimu wa mvua bahari ya hapo huwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mto umebeba udongo wa bara. Ukisimama ufukweni ukayaona maji hayo ya kahawia, kumbuka kwamba kiasi fulani cha udongo huo huenda kilitoka kwenye malisho ya Isinya.

2. Je, wajua kwamba kuna mji njiani wenye jina la sultani wa Zanzibar?

Mkaazi wa Kitengela hana haja ya kwenda hadi Syokimau kupanda treni. Ile ya asubuhi, inayosimama stesheni za njiani, hupakia abiria Athi River, kisha hupita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani kabla ya kufika Miritini, Mombasa. Reli hiyo ya kisasa ina urefu wa takriban kilomita 472, na ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Ichague treni hii ya polepole. Kaa dirishani. Utaona mibuyu ikianza kujitokeza upande wa Kibwezi, na ukibahatika utaona ndovu wa Tsavo waliojipaka vumbi hadi wakawa wekundu kama matofali.

Kabla ya Emali, mpakani mwa Makueni na Kajiado, kuna mji wa Sultan Hamud. Umepewa jina la Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, wakati reli ya zamani ilipokuwa ikitandazwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Ukanda wa maili 10 wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hadi Desemba 1963, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa. Kwa hiyo jina la pwani limekaa mlangoni mwa Kajiado kwa zaidi ya miaka 100.

3. Je, wajua kwamba chai ya Kitengela huchemka kabla ya ile ya Mombasa?

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, uzito wa hewa inayokandamiza maji hupungua, na kila mita 300 hivi hupunguza kiwango cha mchemko kwa takriban digrii moja. Kwetu maji huchemka yakifika karibu digrii 95. Mombasa husubiri hadi 100. Ndiyo maana maharagwe huchukua muda mrefu jikoni kwetu kuliko pwani: yanatokota, lakini katika maji yasiyo na moto wa kutosha.

4. Je, wajua kwamba Mombasa hunywa maji ya vilima vyetu?

Vilima vya Chyulu vimepakana na Kajiado. Mvua ikivinyeshea haitengenezi mito, kwa sababu majivu na mawe ya volkeno huyanyonya maji yote. Yanapita chini kwa chini, yanachujwa, kisha yanabubujika safi kabisa katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Unaweza kufika pwani ukiwa na kiu, ukapewa glasi ya maji yaliyoanza safari karibu na kwenu.

5. Je, wajua kwamba neno gereza lilianza likiwa kanisa?

Fort Jesus ilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu utaona umbo la mtu aliyelala chali. Ndani yake Wareno waliweka kanisa, kwa lugha yao *igreja*. Neno hilo likaingia katika Kiswahili likawa gereza, na miaka ikalitimiza: kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome hiyo kuwafungia watu. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Nenda asubuhi, jua halijawa kali, na uusogelee ukuta. Ule si mchanga wala tofali. Ni matumbawe. Weka kiganja chako utahisi vishimo vidogo vidogo, nyumba za viumbe walioishi baharini maelfu ya miaka kabla ya Mreno wa kwanza kuiona Mombasa. Kuta zile zilistahimili mazingiwa ya Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Waliokuwa ndani hawakushindwa na mizinga peke yake. Njaa na maradhi viliwamaliza mmoja mmoja, na ngome ilipoangushwa wachache mno walikuwa hai. Mbele ya ngome, chini ya maji, kuna mabaki ya merikebu Santo António de Tanná iliyokuja kuwaokoa ikazama mwaka 1697. Wazamiaji waliichunguza miaka ya 1970, na vitu walivyovitoa vimo humo makumbusho. Jipe saa mbili nzima. Ngome iliyozingirwa miezi 33 haistahili kupitiwa kwa dakika 20 za kupiga picha.

6. Je, wajua kwamba pwani mbuzi hukaliwa?

Ukimtajia mtu wa Kajiado mbuzi, atafikiria zizi, mkaa na chumvi. Ukimtajia mpishi wa Mombasa, huenda akakuletea kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma uliochongoka meno. Hiyo ndiyo mbuzi ya kukunia nazi. Sarufi yenyewe inavitenganisha: mbuzi *wa* Bissil, mbuzi *ya* jikoni.

Nilifundishwa kuitumia katika ua mmoja wa Mji wa Kale. Mama mwenyeji wetu aliivunja nazi vipande viwili sawa kwa mgongo wa kisu, akanisogezea mbuzi. "Kaa kitako, mwanangu. Usikandamize. Zungusha kifuu, meno yatafanya kazi yao." Nikakaa, nikazungusha. Kwaru, kwaru, na nyama ya nazi ikaanguka sahanini nyeupe na laini kama unga. Mkono ukifika kwenye ganda, sauti hubadilika, na hapo ndipo pa kuacha, la sivyo wali utakuwa na chembe nyeusi. Kisha akamimina maji ya vuguvugu, akafinya, akakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, huitwa kasimile, na huwekwa kando. La pili na la tatu ni jepesi, nalo ndilo la kupikia wali. Kasimile huingia mwisho, sufuria ikikaribia kuepuliwa.

Tangu siku hiyo nauelewa wali wa nazi. Ladha yake ni ya mkono uliojua wapi pa kuacha.

Kula hivyo hivyo, kwa zamu, siku nzima. Asubuhi, mahamri yenye harufu ya iliki pamoja na mbaazi za nazi. Mchana, samaki wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa akipakwa tui na viungo. Jioni, viazi karai na ukwaju, au mishikaki. Usiku, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe, na sauti ile ndiyo tangazo lake. Kahawa yake ni chungu, yenye tangawizi, na huenda na kipande cha kashata au halua. Ukisafiri mwezi wa Ramadhani, ujue kwamba mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufunga mchana, lakini jioni, baada ya futari, mji mzima hufunguka.

7. Je, wajua kwamba ugali wetu ulikuja kwa merikebu?

Mahindi, muhogo, nanasi, korosho na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilivuka bahari na kuenea Afrika baada ya Wareno kufungua njia za biashara za karne ya 16. Ukiketi ufukweni pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu, ukala muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili, unaonja historia ya ngome ile ile uliyoizuru. Na ugali tunaosindikizia nyama choma Kitengela ni jamaa ya muhogo huo.

8. Je, wajua kwamba usingizi wa pono una siri yake?

Tunasema mtu amelala usingizi wa pono tunapomaanisha hashtuki kwa lolote. Pono ni samaki wa kwenye matumbawe, mwenye mdomo mgumu mfano wa kasuku, na baadhi ya jamii zake usiku hujifunika kwa utando wa ute na kulala ndani yake hadi asubuhi. Wavuvi walimjua kabla ya wanasayansi.

Mchana pono hana usingizi. Huguguna matumbawe yaliyokufa kutafuta mwani, husaga jiwe kwa meno ya koo, na kulitoa likiwa mchanga. Mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mchanga mweupe wa Diani na Watamu, kwa sehemu kubwa, ni matumbawe na makome yaliyosagwa kwa njia hii na kwa mawimbi. Mchanga wa Malindi una rangi ya dhahabu na kahawia, kwa kuwa huo umeletwa na Sabaki. Rangi ya ufukwe hukuambia nani aliuleta: samaki, au mto wetu.

9. Je, wajua kwamba ratiba ya ufukweni hupangwa na mwezi?

Watu wa bara huulizana kuhusu jua. Watu wa pwani huulizana kuhusu maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila kukicha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na bahari haisogei sana.

Wakati wa bamvua, Mombasa na fuo zake, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa karibu saa kumi jioni. Asubuhi hiyo ni ya kutembea juu ya miamba kutazama kaa na nyota za bahari, ukiwa umevaa viatu kwa sababu ya viumbe wenye miiba. Jioni ni ya kuogelea. Usiende mbali kwenye miamba kabla ya kumuuliza mvuvi: "Ami, maji yajaa au yapwa?" Jibu lake lina thamani kuliko programu yoyote ya simu.

Msimu nao una wenyewe. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, bahari hutulia na maji huwa mangavu. Kuanzia Aprili huingia kusi, na katikati ya mwaka mawimbi huwa makali. Pepo hizi mbili ndizo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, zikayarudisha kwao.

10. Je, wajua kwamba twiga wa Malindi alipelekwa China?

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme Yongle wa China twiga. Wachina walimwona kama mnyama mtukufu wa hadithi zao, dalili ya utawala wenye baraka. Msafara wa merikebu wa Zheng He ukawarudisha wajumbe hao kwao katika safari iliyoanza mwaka 1417. Sisi tunaoona twiga wakivuka nyanda za Kajiado tumewazoea mno kiasi cha kuwasahau. Miaka 600 iliyopita mnyama huyo alikuwa zawadi inayomfaa mfalme.

Kabla ya Malindi, upande wa Watamu, simama Gede. Ni mji wa mawe uliomezwa na msitu, wenye msikiti mkuu, kasri, visima, na kaburi lenye tarehe ya Kiislamu inayolingana na mwaka 1399. UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 2024. Miongoni mwa nyumba zake ipo iliyopewa jina kwa sababu ya ushanga wa Venice uliookotwa humo. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilibeba shanga za kioo za Ulaya hadi nchi ya Wamaasai, na mikono ya akina mama ikazigeuza kuwa mikufu ambayo leo ulimwengu mzima huitambua. Ukiwa Gede, tazama ukosi wa shanga uliovaa, kama umevaa. Njia yake ilipita pwani hii hii.

11. Je, wajua kwamba mto wetu ulimpa kobe mwana?

Mwishoni mwa mwaka 2004 familia ya viboko ilisombwa na Mto Sabaki hadi baharini. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba yakamwacha mtoto mmoja peke yake kwenye mwamba. Watu wa Malindi, wavuvi na wageni, walihangaika kwa nyavu na kamba hadi wakamwokoa. Akaitwa Owen, akapelekwa Haller Park, Bamburi. Huko alimkimbilia kobe dume wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akajificha nyuma yake. Wakala pamoja, wakalala pamoja.

Bustani hiyo nayo ni ajabu. Ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, pakavu pasipoota kitu. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje, kisha akaleta majongoo. Majongoo walikula majani makavu ya mivinje, kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukawa msitu.

Siku tano bila mbio

Siku ya kwanza, treni, na jioni muhogo na madafu Mama Ngina. Siku ya pili, ngome asubuhi, Mji wa Kale alasiri, kahawa usiku. Ukitaka kupunga upepo bila gharama, panda feri ya Likoni kwa miguu, maana mtembea kwa miguu halipi. Siku ya tatu, Haller Park, kisha barabara ya Malindi hadi Watamu. Siku ya nne, Gede asubuhi na mapema, ufukwe mchana kulingana na maji, na Malindi jioni. Siku ya tano, kurudi. Mavazi yawe ya heshima mjini, salamu itangulie swali, na picha ya mtu iombwe kwanza.

Kama unaweza kuongeza saa mbili, nenda hadi mlango wa Sabaki. Ndege hujaa hapo, korongo kwa flamingo, na maji ya kahawia hukutana na ya buluu kwa mstari unaoonekana wazi. Katika mchanga wa pale nilikuta kandambili moja ya mtoto, mkanda umekatika, na chupa za plastiki zilizokwaruzwa na safari ndefu. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalivika kandambili 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini kazi ya kuokota haiwezi kuachiwa watu wa Lamu, ilhali wanaotupa ni sisi wa juu.

Kwa hiyo anza safari yako nyumbani. Mvua ikinyesha, simama darajani Kitengela uyatazame maji yanavyokwenda. Lolote litakaloelea juu yake utalikuta ufukweni.